Shubiri ya Hawe Nyamvula

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, mwaka 2025. Asubuhi hiyo Mwakirunge iliamka na joto la mwisho wa kaskazi: upepo hakuna, wingu hakuna, na vumbi jeupe la machimbo ya mawe limelala juu ya majani kama unga uliomwagika. Jua lilikuwa halijapanda juu ya mapaa ya mabati, lakini Jerioth alikuwa ameshalowa jasho mgongo mzima. Alisimama mbele ya matuta yake, ndoo tupu mkononi, akayatazama kama mtu amtazamavyo mgonjwa anayemuuguza bila kuona nafuu.

Yalikuwa matuta mazuri, hilo hakuna aliyelibishia. Yameinuliwa hadi karibu na goti, kingo zimenyooka, juu yamesawazishwa kwa reki, na njia za kupita katikati zimeparurwa zikawa safi kama sebule. Kwao Jerioth ni Meru, upande wa milimani, ambako mvua hunyesha mpaka udongo mwekundu ukashika miguu kama ulimbo. Huko asiyeinua tuta huozesha mizizi. Wanawake wakipita shambani kwa mtu hutazama matuta kwanza, ndipo wasalimie. Mama yake alimfundisha hivyo, naye amekuja na mkono huo mpaka pwani.

Lakini sukuma wiki yake ilikuwa inakufa. Majani yamejikunja, ya chini yamekuwa manjano, na machipukizi ya spinachi yamekauka yakavunjika kama vijiti.

Kefa, mumewe, alifika akisukuma baiskeli yenye mitungi ya maji ya kisima. Akaiegemeza, akatweta.

"Mimina," alisema. "Mimina tu. Naona kuna watu upande wa pili wa dunia wanaoga maji yetu."

"Kefa, usinichekeshe. Leo sina cheko."

Akamimina. Maji yaliingia kwenye tuta, yakanguruma kidogo, yakatoweka. Kabla hajarudi na ndoo ya pili, udongo wa juu ulikuwa umeshapauka tena.

Kishamba kile hakikuwa chake. Kilikuwa cha Nyamvula, mjane mzee ambaye mtaa mzima, wajukuu na wasio wajukuu, humwita Hawe, yaani nyanya kwa Kigiriama. Walikutana kanisani. Hoteli moja ya Shanzu ilikuwa imepunguza watu wa dobi, na Jerioth, ambaye alikuwa amepiga pasi shuka za wageni miaka na miaka, akajikuta nyumbani na mikono isiyo na kazi. Jumapili moja aliomba kwa sauti, akalia, akamwambia Mungu hataki utajiri, anataka mahali pa kuiweka mikono yake tu. Ibada ilipokwisha, bibi mmoja mwembamba alimshika kifundo cha mkono.

"Wewe ndiwe uliyekuwa wamgongea Mungu mlango namna ile?"

"Ni mimi, mama."

"Haya, amefungua. Nina kishamba kimelala. Njoo ukiamshe."

Sharti lilikuwa moja. Siku ya kumkabidhi, mbele ya wanawake wenzao wa kanisa, Hawe alimwongoza mpaka kwenye ua wa michongoma, akamwonyesha upande wa pili. Palikuwa na timbo, shimo kubwa la kukatia mawe, kuta zake nyeupe zimekwenda chini wima. Hapo zamani palikuwa shamba la muhogo la marehemu mumewe, Gona.

"Walikuja na mashine, wakakata, wakapakia," Hawe alisema. "Mawe yalikwenda kujenga nyumba za watu. Mimi nimeachiwa shimo. Wakati wa masika hujaa maji. Mbuzi wangu wamefia humo. Sasa wewe lima utakacho, panda utakacho. Lakini shimo usinichimbie. Niahidi watu wasikie."

Jerioth akaahidi, watu wakasikia.

Palikuwa na mtu mwingine aliyekitazama kishamba hicho: Charo, mwanawe Hawe, ambaye ni mkata mawe kwenye mashine ya mtu aitwaye Hashim. Charo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto shuleni, na alijua kwamba chini ya kishamba cha mama yake kuna jiwe zuri. Alipoona mama ameking'ang'ania, walipatana hivi: Jerioth, mama wa bara, apewe mpaka Pasaka. Kishamba kikiwa kinalisha watu, Charo atanyamaza. Kikiwa kikavu, mashine itavuka ua.

Na Pasaka ilikuwa mwezi wa nne. Ndiyo maana Jerioth hakuwa na cheko asubuhi ile.

Wakasikia kandambili zikiburuzwa. Hawe Nyamvula alikuwa anakuja, leso mabegani, bakuli la bati mkononi.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, wanangu. Mmeamkaje?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Na mimi nawashukuru nyinyi. Mboga zenu nzuri. Jana nimezitia tui la nazi, Charo nusura atafune mwiko."

Jerioth alidhani anasutwa. Uso ulimshuka. "Mboga zipi, Hawe? Si unaona mwenyewe zilivyokauka?"

"Hizo za juu ni zako na Mungu wako. Mimi nala hizi za njiani." Hawe aliinama kwenye njia, pale chini katikati ya tuta na tuta, akachuma shina la mchicha lenye majani mapana kama kiganja. Kisha jingine. "Tena nataka kukugombeza. Kila ukija waziparura na reki, mimi nikifika nakuta njia nyeupe. Siku hizi naamka mapema nikuwahi."

Kefa aliangua kicheko mpaka akakaa juu ya mtungi. "Kumbe mke wangu analima njia! Matuta ni ya kupigia picha!"

Jerioth alipiga magoti mle njiani. Mchicha ule hakuupanda yeye. Mbegu zilikuja na upepo kutoka kwa majirani, naye siku zote aliung'oa kama uchafu, kwa sababu njia ya mkulima nadhifu haioti kitu. Akachomeka vidole kwenye tuta. Vikaingia mpaka kifundo cha mkono bila kukuta unyevu. Mchanga ukamwagika kama chumvi. Akachomeka vidole njiani. Havikuingia hata nusu, akahisi ubaridi. Akavitoa, vimegandwa na udongo uliolowa.

Akautazama udongo ule kwenye vidole. Maji yote ambayo Kefa aliyasukuma kwa baiskeli yalikuwa yanashuka. Tuta lilikuwa limesimama peke yake katikati ya jua, linakauka kwa juu na kwa pande zote, na kilichosalia kilitiririka mpaka chini, njiani, kikakaa huko kikimlisha Hawe. Tuta la kwao lilitengenezwa ili kuyafukuza maji. Hapa maji hayakuwa ya kufukuzwa.

"Ee Mungu wangu," alisema polepole. "Umenionyesha kila siku, nami nikakuparura na reki."

Hawe alipokwisha kuondoka na bakuli lake, Jerioth alimweleza mumewe. Ilibidi kubomoa matuta na kuteremsha vitanda viwe chini kuliko njia kwa shubiri moja hivi, maji yaingie yakae. Lakini kuteremsha ni kuchimba.

"Chimba," Kefa alisema. "Shubiri moja ni shimo? Mtu akianguka humo atavunjika kidole cha mguu, basi. Na Hawe mwenyewe macho hayaoni vizuri."

"Anaona mchicha."

"Jerioth, Pasaka ndiyo hiyo inakuja. Ukimwomba Hawe, akikataa?"

Jerioth alilishika jembe. Hata alilinyanyua. Aliwaza kwamba angeweza kuanzia kitanda cha mwisho, kule mbali, na kikisitawi nani angekumbuka kuuliza? Akaliweka jembe chini, akapiga magoti mle mle njiani, mbele ya mumewe.

"Bwana, umenionyesha maji. Usiniache niyachukue kwa uongo."

Kefa alivua kofia, asiirudishe mpaka mkewe aliposema amina.

Alasiri akaenda kwa Hawe. Alimkuta uani ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi. Jerioth akakaa kwenye mkeka bila kuzungukazunguka, akalieleza jambo lake lote. Hawe alikuna nazi yake mpaka mwisho wa maelezo, uso hauonyeshi kitu.

"Ulinipa neno," alisema.

"Nilikupa, Hawe, na sijalivunja. Ndiyo maana nimekuja mikono mitupu. Jembe nimeliacha."

"Wale nao walianza hivyo hivyo. Kidogo, mama, kidogo tu. Wakaenda chini mpaka kichwa cha mtu kikawa hakionekani. La, mwanangu. La."

Jerioth aliinamisha kichwa. Machozi yalikuwa karibu, lakini alihisi kwamba bado kuna neno moja hajalisema, na neno hilo ndilo la kweli kuliko yote.

"Hawe, wale walichukua. Walipakia kwenye lori, wakaenda zao. Mimi sitaondoa hata karai moja. Udongo utakaotoka katikati utakaa pembeni uwe ukingo, maji yasikimbie. Chako chote kitabaki hapo hapo."

Mkono wa Hawe ulisimama juu ya kifuu.

"Kama jaruba?"

"Jaruba ndiyo nini?"

"Mtu mzima hujui jaruba! Vile vitanda vya mpunga vilivyozungushiwa kingo! Kwenu mpunga mwaulimia wapi?"

"Kwetu hatulimi mpunga, Hawe."

"Ndiyo maana mwainua vitanda kama makaburi." Hawe alicheka mwenyewe, kisha akaacha kucheka, akautazama mkono wake uliojaa machicha ya nazi. "Mamangu alikuwa na majaruba. Nilikuwa nikimfukuzia ndege." Akaupangusa mkono kwenye leso. "Haya. Kesho nitakuja. Kipimo nitakileta mimi."

Kesho yake alikuja na kipimo, nacho kilikuwa mkono wake. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaomba kwa Kigiriama maombi mafupi ambayo Jerioth hakuyafahamu ila jina la Yesu na jina la Gona. Kisha Jerioth akabomoa tuta la kwanza. Ilimuuma kidogo, maana ni kazi ya mikono yake, lakini alibomoa. Alipoanza kwenda chini, Hawe aliteremka ndooni, akainama, akaukunjua mkono: kidole gumba chini kitandani, cha mwisho juu kwenye usawa wa njia, shubiri moja kamili.

"Hapo hapo. Simama. Ukipita kidole hiki, umenichimbia timbo."

Walibakiza tuta moja tu; kila kitanda kingine kilipimwa hivyo. Mahali ambapo jembe lilikuwa limepita kwa upana wa ukucha, Jerioth alirudishia udongo, na Hawe hakuondoka mpaka aone umerudi. Halafu yeye mwenyewe akamtuma Kefa kwa muuza madafu.

"Kalete makumbi. Mengi. Ujanani tukiyaloweka ya kusokota kamba. Kumbi likishakunywa maji, ulikamue mpaka uchoke, bado lina maji."

Wakayatandaza makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, chini, wakayafunika kwa udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi, na bado uso wa kitanda ulikuwa chini ya njia kwa vidole vinne. Kefa akamimina mtungi mmoja. Maji yalitulia, yakaenea mpaka pembeni, yakazama taratibu kama mtu anayeketi. Jerioth aliyatazama mpaka yakaisha. Hakuna yaliyokimbia.

Jioni Charo alirudi kutoka machimboni, mweupe kwa vumbi kuanzia kope mpaka viatu. Alisimama kwenye ua wa michongoma, akaviona vitanda.

"Mama! Mimi mwanao nimekatazwa kuchimba, Mama Cheryl kakubaliwa?"

Jerioth, ambaye mtaani huitwa Mama Cheryl kwa jina la mwanawe, alitaka kujibu, Hawe akamzuia.

"Una haki ya kuuliza. Njoo upime. Wewe fundi, kipimo wakijua."

Charo alichuchumaa, akatia mkono wake mpana. "Mkono wangu wapita, mama. Ni mkubwa kuliko wako."

"Ndiyo maana twapima kwa wangu."

Kefa alijifanya anakohoa. Charo akatikisa kichwa, lakini tabasamu likamponyoka. "Haya. Tutaonana Pasaka," akasema, akaenda kuoga.

Mchicha ulioteshwa chini ulichipua upesi, ukafuatwa na kunde. Sukuma zile zilizokuwa zinakufa, Jerioth alizihamishia kitandani, akazikata majani yote akabakisha mashina, akaziombea kama mtoto mwenye homa. Zikachipua. Baiskeli ya Kefa ikapata mapumziko. Sasa alikwenda kisimani siku moja, akakaa siku inayofuata. Kila alfajiri Jerioth alisimama njiani kabla ya kushika kitu chochote, akasema "Asante, Bwana," halafu akachomeka kidole kimoja kitandani, akasema tena.

Kisha masika yakaingia kwa kishindo. Asubuhi moja mvua ilimwagika mpaka mapaa yakawa hayasikilizani, na Jerioth alipofika shambani alikuta vitanda vyake vimekuwa mabeseni. Majani yalikuwa yanaelea. Maji aliyoyatafuta kwa machozi sasa yalitaka kumzamishia mboga.

Lakini hili alilijua. Hili ndilo alilofundishwa na mama yake tangu utoto. Hakusita, alikata ukingo upande wa chini, akayafungulia maji yatoke polepole, na miche ya nyanya aliyokuwa ameiotesha majuzi, ambayo haipendi kulowa miguu, akaipandisha juu ya tuta moja ambalo hakuwa amelibomoa. Alipokuwa amechutama mvuani, alisikia mtu nyuma yake.

"Kitanda hicho kimelala upande, Mama Cheryl. Ndiyo maana maji yanarundikana pembe moja."

Alikuwa Charo. Timbo lilikuwa limejaa maji, kazi imesimama. Alikuwa ameshika koleo na ule mpira mrefu wa mafundi, unaotiwa maji ili kujua usawa.

"Umeona kwa macho tu?"

"Kazi yangu ni kuona jiwe limelala vipi. Udongo utanishinda?" Akaingia mvuani bila kusubiri kukaribishwa. Walisawazisha vitanda vyote, yeye akipima, Jerioth akisukuma udongo, na hakuna kilichotoka nje ya ua. Walipomaliza, Jerioth alitaka kumshukuru, lakini Charo alikuwa anatazama upande wa pili wa michongoma, kwenye maji meupe ya timbo.

"Shamba la baba lilikuwa na muhogo mtamu," alisema, kisha akaondoka na koleo lake.

Jumatatu ya Pasaka wenzao wa kanisa walikuja kuvuna. Jua lilitoka safi baada ya mvua, na kishamba kilikuwa kijani mpaka kinawaka. Waliimba, wakachuma mchicha, kunde na sukuma, wakafunga mafungu: ya wajane, ya wagonjwa, ya Hawe, na fungu moja kubwa la kupelekwa kanisani. Jerioth alikuwa anafunga na kulia, anafunga na kucheka.

Hashim, mwenye mashine ya mawe, alifika pia, kofia mkononi. Alikuwa amesikia kwamba mapatano ni Pasaka, amekuja kujua kama mashine itavuka ua. Masikio yake yameharibiwa na mngurumo wa miaka mingi, kwa hiyo husema kwa sauti kubwa kama anayemwita mtu ng'ambo.

"Hodi, Hawe! Pasaka njema! Nimekuja kuona kiwanja!"

"Kione," Hawe akasema, akamtia fungu la mchicha kifuani.

Hashim alikizunguka kishamba, akaviangalia vitanda, akaliangalia fungu. "Wallahi, Charo, huku nikate nini? Kunde?"

Watu wakacheka. Charo alicheka nao, kisha kicheko kikamwisha, kwa sababu macho yote yalikuwa juu yake.

Jerioth aliona kwamba ni yeye atangulie. Akafuta mikono kwenye leso.

"Hawe, uliniambia nisichimbe, nikakuomba ukaniruhusu. Namshukuru Mungu kwa mkono wako. Siku nitakapoondoka hapa, udongo ulio kwenye kingo nitaurudisha mwenyewe katikati, mpaka ardhi yako ilale kama nilivyoikuta."

"Amina," wakaitikia.

Charo alisema kitu akitazama chini.

"Nani amekusikia?" Hawe akauliza. "Wasema na viatu vyako? Hashim hapa hasikii hata radi. Sema watu wasikie."

Charo aliinua kichwa. Alikwenda mpaka kwa mama yake, akaushika mkono ule mwembamba, akaukunjua vidole mbele ya wote kama anayeonyesha kipimo kwa fundi mwenzake.

"Mimi Charo, mwana wa Gona, nasema mbele ya mama yangu, mbele ya Hashim, na mbele yenu nyote watu wa kanisa: mashine ya mawe haitavuka ua huu. Mama akiwa hai, na hata siku atakapotuondokea, hapa hapatachimbwa zaidi ya shubiri hii."